Desibeli za Chumba cha Mama

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kukokotoa kelele. Watu wa Karatu waliponiuliza nafanya nini huko kwenye loji za watalii, niliwajibu kwamba nafunga feni, maana nikisema ukweli maswali yalikuwa hayaishi. Feni walizifunga wenzangu. Mimi nilikaa na kalkuleta na michoro ya jengo, nikitafuta jibu la swali moja tu: feni ya kutoa moshi jikoni ikiwaka, mgeni aliyelala upande wa pili wa ukuta atasikia kiasi gani?

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Lami ilikuwa inakuja, loji zilikuwa zinajengwa kila msimu upande wa Karatu, na zile za zamani kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro zilikuwa zinakarabatiwa. Bosi wangu, mtu wa Moshi aliyeanzia kwenye ufundi wa majokofu, alinichukua nilipotoka chuo cha ufundi Arusha. Alisema hajawahi kuona mtu anayechukia kelele kama mimi. Hakukosea. Nilikuwa mtu wa kuwafokea wenye redio, wenye honi, hata wanakwaya waliofanya mazoezi karibu na dirisha langu. Bosi akaniita mama ukimya, jina likaenea, nami kimoyomoyo nikalipenda.

Hesabu yenyewe si ngumu kuieleza. Unaanza na kelele ya feni, ambayo kiwanda kimeiandika. Unatoa kinachopotea njiani ndani ya bomba la bati, kila kona na sehemu yake. Unatoa kinachonyonywa na pamba iliyobandikwa ndani ya bomba. Kisha unafika chumbani, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu chumba nacho kinakula sauti. Pazia zito linakula, godoro linakula, zulia linakula, hata mwili wa mtu unakula. Saruji na kioo havili kitu, vinairudisha sauti kama ilivyokuja. Kinachobaki baada ya yote hayo ndicho kinachofika kwenye sikio la mtu aliyelala, na kwa chumba cha kulala tulitaka kisizidi desibeli thelathini, sawa na mnong'ono.

Kitu kilichonifurahisha zaidi nilipoanza ni kwamba kelele hazijumlishwi kama viazi. Feni mbili zinazolingana hazipigi kelele mara mbili, zinaongeza desibeli tatu tu. Na kama una feni kumi zinazolingana, ukazima moja, namba haishuki hata nusu desibeli. Hakuna sikio litakalogundua. Niliwaeleza watu jambo hilo kwenye sherehe, kwenye misiba, mahali popote nilipopata wa kunisikiliza, nikaona jinsi macho yao yalivyotafuta mlango.

Basi nilipopata uwezo wa kujenga, nilijenga nyumba ya mtu wa aina yangu. Kiwanja nilikitafuta mbali na barabara kubwa, mbali na baa, mbali na vipaza sauti vya kanisani na msikitini. Matofali mazito. Milango ya mbao nzito, si ile ya mbao nyembamba inayosikika tupu ukiigonga. Madirisha niliyatia mpira pembeni. Ukuta wa kila chumba niliupandisha mpaka kwenye bati, na mafundi wakanishangaa, kwa sababu kwetu kuta za ndani huishia usawa wa silingi bodi na huko juu sauti zinatembeleana zinavyotaka. Niliwaambia wapandishe na wasinibishie. Ndani ya nyumba hiyo nilimleta mama yangu.

Mama alikuwa anaishi Endabash, mjane, na presha ilikuwa imeanza kumsumbua. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyekuwa naye kule, lakini kutoka Endabash kwenda hospitali wakati wa mvua ni habari nyingine. Tulikubaliana akae kwangu, karibu na daktari. Hakubisha. Alikuja na shuka zake, kibuyu chake na kigoda, akazunguka vyumba vyote akigusa kuta, akasema nyumba ni nzuri. Nyumbani tulizungumza Kiiraqw, kwa hiyo maneno yake yote ninayoyaandika hapa nimeyatia Kiswahili mwenyewe, na najua kuna ladha iliyopotea.

Hakulalamika. Mama hakuwa mtu wa kulalamika, na mimi sikuwa mtu wa kuuliza. Nilichoona ni kwamba anasinzia. Anasinzia barazani na sahani ya mchele usiochaguliwa mapajani, anasinzia kanisani, anasinzia nikiwa namsimulia jambo. Nikadhani ni uzee. Siku moja akaanguka karibu na jiko la mkaa. Nilimpeleka hospitali, na daktari akapima presha, akapima tena, akaniangalia mimi badala ya yeye.

"Mama yako halali usingizi," alisema. "Dawa ninazompa hazitafanya kazi kama halali. Ukimwacha hivi, presha itamwangusha tena, na safari hiyo hutakuwa karibu kumwinua."

Nilitoka pale nimewaka. Kama mama halali nyumbani kwangu, basi kuna mtu anampigia kelele, na mtu huyo ataniona. Nilimwendea jirani mwenye mbwa. Nilimwendea kijana mwenye mashine ya kusaga mtaa wa pili, ambaye maskini alikuwa anafunga kabla ya magharibi. Mama mwenyewe alinifuata hadi kwenye geti la watu, akinivuta kanga, akiniambia niache. Mwishowe nikaazima kipima sauti cha kazini, nikakiweka kitandani kwake, nikafunga mlango na kuliacha dirisha kama lilivyo. Namba ilikuwa chini kuliko chumba chochote cha loji nilichowahi kupima.

Nilimwita aje aone. Nilikuwa najipiga kifua kweli. Nilimwambia kuna wazungu wanaolipa fedha nyingi kwa usiku mmoja na hawapati ukimya kama huu anaoupata yeye bure.

Mama alikitazama kile kipimo, akanitazama. "Sasa mwanangu," akasema, "nisiposikia kitu, nitajuaje kama wote wapo?"

Nilikizima kipimo. Lazima nieleze tulivyokuwa tunalala, maana vijana wa siku hizi wataona ajabu. Nyumba tuliyokulia ilikuwa ya udongo, na paa lake udongo, mgongo wake umeegemea mteremko. Ng'ombe walilala ndani. Ndama upande mmoja, mbuzi nyuma yao, sisi watoto kwenye kijukwaa cha miti, wazazi karibu na mlango. Taa haikuwepo. Mama aliijua nyumba yake kwa masikio. Alijua nani anacheua, nani amelala ubavu, ndama yupi ana mafua, mtoto yupi amegeukia ukutani. Palikuwa na mchanganyiko wa pumzi, matumbo yanayounguruma, kwato zinazohama, baba akikohoa, na katikati ya hayo yote mama alilala fofofo.

Aliamka kitu kilipokoma. Nakumbuka alivyomwamsha baba akisema ndama mwekundu hasikiki, baba akanung'unika kwamba ndama mmoja kati ya kundi zima atasikikaje. Mama akawasha kijinga cha moto. Ndama alikuwa amejinyonga nusu kwa kamba yake, ulimi nje, wakamkata kamba akapona. Baba aliisimulia habari hiyo miaka yote, nasi tukaicheka, na mimi nilipokuwa nafundishwa chuoni kwamba ukitoa chanzo kimoja kati ya vingi namba haitikisiki, sikumkumbuka mama hata kidogo.

Kwa hiyo nilielewa. Kwa mama, ukimya ndio ulikuwa kengele. Mwaka wa ukame nyumba ilikuwa ikipoteza sauti moja baada ya nyingine. Baba alipofariki, kilichomwambia mama ni kukosekana kwa kikohozi. Na mimi nilikuwa nimemjengea chumba ambamo kengele hiyo ilikuwa inalia kuanzia anapozima taa mpaka kunakucha, kila siku. Nilijisikia vibaya mno. Lakini mimi ni fundi, na fundi akijisikia vibaya anatafuta spana.

Wazo langu lilikuwa hili: kama kinachomnyima usingizi ni kukosa kelele, nitamtilia kelele. Nitajua nyumba ya zamani ilikuwa na desibeli ngapi pale alipoweka kichwa, kisha nitafunga feni itakayompa hizo hizo. Nikapanda gari la mizigo kwenda Endabash na kipima sauti changu kwenye kikapu.

Nilichelewa. Tangu mama ahamie kwangu, mdogo wangu alikuwa ameshajenga nyumba ya matofali, na ng'ombe alikuwa amewajengea banda zuri nje, la bati, kama bwana mifugo alivyokuwa akiwahimiza watu. Nyumba ya zamani ilikuwa imetitia. Mahali alipokuwa akilala mama palikuwa na mahindi yaliyofika magotini.

"Sasa dada, ulitaka kupima nini?" mdogo wangu aliniuliza.

"Nilitaka kupima mlivyokuwa mnapumua," nikamjibu. Alicheka sana, na mimi nikacheka, lakini roho iliniuma.

Nilirudi nikaikokotoa nyumba ile kwa kumbukumbu. Nilikaa mezani nikakisia ng'ombe mmoja anayecheua anatoa sauti kiasi gani, nikawajumlisha jinsi kelele zinavyojumlishwa. Nikakisia udongo mkavu unakula kiasi gani, na nyasi, na samadi, na ngozi tulizolalia, na miili yetu. Ilikuwa nyumba iliyokula sauti vizuri kuliko loji yoyote, ndiyo maana pumzi zile zilisikika karibu na laini, kila moja mahali pake. Nikapata jibu karibu na desibeli arobaini. Nadhani ndiyo hesabu niliyoifanya kwa mapenzi kuliko zote, na haikuwa na kipimo hata kimoja ndani yake.

Bosi aliposikia alicheka mpaka akafuta machozi. "Aisee dada, yaani mama ukimya anatafuta feni yenye kelele?" Lakini alinipa. Ilikuwa feni ya ukutani tuliyoing'oa kwenye korido ya loji moja kwa sababu ilizidi kiwango. Nikatoboa ukuta wangu niliouringia, nikaifunga, nikabandika pamba kidogo ndani ya bomba lake, nikaongeza, nikapunguza, mpaka pale kwenye kichwa cha kitanda namba ikatulia nilipotaka.

Kesho yake asubuhi nilimuuliza amelalaje.

"Nimelala," akasema.

Nilimuuliza kila asubuhi, na kila asubuhi jibu lilikuwa hilo hilo. Niliwatangazia watu. Nilimwambia daktari, nikamweleza na yeye jinsi kelele zinavyojumlishwa, akavumilia. Na kwa kuwa mama sasa alikuwa analala, nilikubali kazi kubwa kule juu, ukarabati wa loji nzima, kazi ya kukaa hukohuko wiki nzima na kushuka Karatu mwisho wa wiki. Jirani mmoja, mjane mwenzake mama, aliahidi kushinda naye mchana.

Niliporudi mara ya tatu au ya nne, presha ilikuwa imepanda kuliko ilivyokuwa siku alipoanguka. Jirani aliniambia mchana mama hawezi hata kushika mazungumzo. Nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda mlangoni, uso umemvimba kwa kukosa usingizi.

"Mama, si ulisema unalala?"

"Nalala ukiwepo," alisema.

Nilimwambia feni ipo usiku kucha, iwe nipo au sipo. Akatikisa kichwa taratibu, kama anayemweleza mtoto.

"Ndiyo tatizo lake. Ukiwepo inasema vilevile. Usipokuwepo inasema vilevile. Mwanzoni nilijitahidi kuisikiliza, nikadhani nitaizoea. Lakini nitaisikiliza nikitafuta nini? Haina mtu ndani."

"Na siku nikiwepo?"

"Ukishalala nazima hiyo mashine yako, nafungua milango, wangu na wako. Unakoroma, unajua? Tangu mtoto. Nikikusikia unakoroma, nalala."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayetaja mahali alipoweka chumvi. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo, akasema niliifunga kwa furaha sana, aliona aibu. Nilitaka kucheka kwa ajili ya kukoroma na nilitaka kulia, nikafanya yote mawili vibaya.

Pale ndipo ningeweza kufanya jambo rahisi. Bosi alikuwa na karakana pale pale Karatu, ya kukunja bati za mabomba, na ilihitaji mtu wa kusimamia. Ningemwomba, angenipa. Ningerudi nyumbani kila jioni, nikala na mama, nikakoroma. Hiyo ndiyo tiba iliyokuwa inatakiwa, mimi mwenyewe kulala pale, na haikuhitaji feni wala namba. Nililiona waziwazi siku ile ile, siwezi kusema sikujua. Lakini loji ilikuwa imebakiza kidogo, na mwenye loji alikuwa ametuwekea shinikizo, na mimi nilitaka hesabu zangu zikubalike kwa jina langu. Nikamwambia mama avumilie nimalize hii moja tu.

"Maliza," alisema. "Mimi nitakwenda kwa mdogo wako. Kuna watoto wale, nitalala nao."

Tukampeleka Endabash na mfuko wa dawa. Mdogo wangu alimpa chumba cha wajukuu, wamejazana humo, na habari nilizozipata kila nilipoteremka zilikuwa nzuri. Mama analala. Mama anakula. Presha aliyompima mganga wa zahanati imeshuka. Nilifurahi, na nikawa naona wivu kidogo, kuwa watoto wale wameweza bila kujua wanafanya nini. Nilipanga nikimaliza nimfuate, niombe karakana, tuanze upya.

Siku ya kukabidhi kazi kule ukingoni kulikuwa na ukungu mzito, kama kawaida ya kule asubuhi, mpaka madereva waliwasha taa wakiwa wameegesha. Mwenye loji alitaka apimiwe chumba kilichokuwa na malalamiko kuliko vyote, kile cha juu ya jiko. Upimaji una utaratibu wake. Feni zote zinawashwa, watu wote wanatoka, mlango unafungwa. Mpimaji anabaki peke yake, anaweka kipimo pale kwenye mto, anakaa mbali bila kutikisika, anabana pumzi kwa muda ule wa kusoma namba, kwa sababu pumzi ya mtu inaharibu kipimo. Niliibana pumzi yangu. Namba ilishuka, ikashuka, ikatulia. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyokokotoa. Nilitoka na tabasamu la kipumbavu, nikampa bosi mkono, mwenye loji akapiga makofi.

Mtu wa mapokezi alikuwa amesimama kwenye korido, akisubiri tumalize kushangilia. Simu za mkononi zilikuwa hazishiki kule siku hizo. Ujumbe ulikuja kwa redio, kutoka ofisi ya Karatu, na yeye aliambiwa asinisumbue mpaka kipimo kiishe. Aliniomba tukae kidogo. Sikukaa. Akaniambia nimesimama hivyohivyo kwamba mama amefariki alfajiri.

Bosi aliniendesha mwenyewe mpaka Endabash, jambo ambalo sikuwahi kumshukuru. Tulimzika mama karibu na yale mahindi. Watu walikuwa wengi, wanawake waliimba, na kwa mara ya kwanza maishani sikutaka mtu yeyote anyamaze.

Baada ya mazishi mdogo wangu alinikuta nyuma ya banda nikiwasikiliza ng'ombe. Nilimuuliza kama mama alikuwa analala kweli, au na hilo lilikuwa la kunifurahisha. 

"Alilala," akasema. "Siyo uongo, dada. Ila kila jioni kabla ya kulala alikuwa anaita majina, watoto wangu mmoja mmoja, nao wanaitika gizani. Akimaliza anakuita na wewe. Watoto wanamwambia, bibi, shangazi yuko Ngorongoro. Anasema, najua, nataka tu kuona kama ameshafika."